Mchumba wa Kubuni

Achaguaye hujifichua. Neno hili nilijifunza kwa aibu nyumbani kwangu Ipagala, Dodoma, katika mchezo wa kompyuta uitwao Skyrim, uliotolewa mwaka 2011. Humo mchezaji humwongoza shujaa katika nchi ya theluji na majoka, na akipenda humwoza. Shujaa atakaye ndoa huvaa kidani cha Mara shingoni, kiwe ishara.

Wachumba ni wengi, lakini nilisita kati ya wawili. Ysolda alikuwa na nia yake: alitaka kuwa mfanyabiashara, na hakuposeka mpaka aletewe pembe ya mamothi, tembo wa manyoya, kama Mgogo atakavyo ng'ombe wa mahari kwa binti yake. Lydia alikuwa askari niliyepewa na mtawala. Alikwisha kuapa kunitumikia na kunibebea mizigo. Nilimwoa Lydia.

Rafiki yangu aliniuliza sababu. Nikajibu kuwa ni mwaminifu. Jibu lilikuwa zuri, lakini halikuwa kweli, maana pembe ilikuwamo mkobani mwangu. Nilimchagua Lydia kwa sababu kiapo kilikuwa kimekwisha kumjibia. Nami kwa miaka mitatu nilikuwa nampenda binti mmoja wa mtaa wetu pasipo kumwambia, nikiuita woga wangu subira.

Juma lililopita nilituma mshenga kwao. Jibu halijaja, na usingizi umenipaa. Lakini safari hii nimemchagua mtu awezaye kunikataa.