Daftari la Mazoezi, Terrat

Jumamosi, 6 Julai 2024

Baridi ya Julai imeshika. Mlima Meru haujaonekana tangu juzi, wingu limekaa chini kabisa. Tumeanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanja wa nyuma, ardhi ikiwa na ubaridi unaopenya soli. Fundi, mwenzangu wa mazoezi, kafika na koti lake la karakana, akalivua kabla hata ya kusalimiana vizuri.

Leo ni chi sao tu, zoezi la Wing Chun la mikono kugusana. Hakuna mateke, hakuna kuruka. Tunasimama tukitazamana, vigasha vimegusana, mikono inazunguka. Mkono wangu wa kulia unaanzia tan sao, kiganja kikitazama juu na kiwiko kikiwa mbele ya mbavu; unapanda kuwa bong sao, kiwiko juu, kigasha kikiteremka kwa mbele. Mkono wake wa kushoto umelala juu ya wangu, fuk sao, unanifuata kokote niendako. Upande wa pili kila mmoja anashika kazi ya mwenzake.

Fundi anakandamiza kwenda chini. Mikono yake imezoea kubeba mageti, nguvu anayo ya kutosha, na kila anapokandamiza, mkono wangu unajibu kwa kusukuma juu. Hilo limenikaa akilini kutwa nzima. Mkono unaosukuma juu unaacha kifua wazi. Na hakuna adui atakayekuja kunikandamiza mkono chini. Atakuja usoni au kifuani. Tukiendelea hivi, misuli yangu itajifunza kujibu swali ambalo hakuna mtu atakayeliuliza.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Fundi ana mteja Kwa Mrombo, hakuja. Nimefanya mfuatano wa Siu Nim Tao peke yangu, polepole sana, sehemu ya kwanza yote ile ya mkono kwenda mbele na kurudi. Ukiwa peke yako kila kitu kinakuwa sawa. Kiwiko kinakaa kinapotakiwa kwa sababu hakuna anayekisumbua.

Jumamosi, 13 Julai

Nilimwambia Fundi wazi: usinikandamize, nielekee. Nguvu itoke kwenye kiwiko chako ije kwenye mfupa wa kifua changu, kupitia mkono wangu. Akaniangalia. "Mwalimu, tofauti iko wapi? Mkono si unagusa palepale?"

Swali zuri. Tukalijibu kwa kipimo alichotufundisha mwalimu wetu wa mjini kabla hajahamia Dar: mmoja anaondoa mkono ghafla, bila kumtonya mwenzake, halafu tunatazama mkono uliobaki unakwenda wapi. Mkono ukianguka chini, ulikuwa unakandamiza. Ukiruka pembeni, ulikuwa unasukuma pembeni. Ukienda mbele wenyewe na kugusa kifua, nguvu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mkono hauwezi kudanganya hapo, maana hauna muda wa kufikiri.

Nikaondoa wangu. Wa Fundi ukaanguka hadi kiunoni. Tukarudia, ukaanguka tena. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo hii." Tangu hapo hakuhitaji maelezo. Ni mtu wa vipimo; ukimwonyesha pengo kati ya chuma na chuma, analiziba.

Watoto wa jirani walikuwa wamekaa juu ya tofali. Mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona hampigani?" Nikamwambia tunapigana, asogee aone. Akasogea, akatazama, akarudi kwenye tofali lake bila kuridhika. Namwelewa. Nikiwa na umri wake nilikuwa kwenye kibanda cha video, filamu ya Kichina inasimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu, na nilitaka ngumi tu. Baadaye ndiyo nikaipenda The 36th Chamber of Shaolin, ya 1978, ambayo sehemu kubwa ni mazoezi: kubeba maji, kugonga kengele, kurudia. Wenzangu walikuwa wanatoka nje kununua karanga wakati huo. Mimi nilibaki.

Jumamosi, 20 Julai

Siku kama ya leo mwaka 1973 Bruce Lee alifariki Hong Kong, akiwa na miaka 32. Tulipokuwa tunapumzika Fundi akaanza kuhesabu filamu zake, nami nikamsimulia kuhusu wale waliokuwa upande wa pili wa mikono yake.

Bruce alianza Wing Chun akiwa kijana mdogo kwa Ip Man, aliyetoka Foshan na kuanza kufundisha Hong Kong mwaka 1950. Lakini mwalimu mkuu hawezi kushika mikono ya kila mwanafunzi kila siku. Aliyemnoa Bruce kwa sehemu kubwa ni Wong Shun Leung, mkubwa wake wa darasani, mtu aliyejulikana mjini kwa mapambano ya kweli. Huyo hakuwa na sababu ya kumpa kijana nguvu ya bandia. Baadaye, Seattle, Marekani, mwenzake wa mazoezi akawa Taky Kimura, aliyemzidi miaka 16. Mwaka 1964 Bruce alipoonyesha ufundi wake mbele ya umati huko Long Beach, Kimura ndiye aliyesimama mbele yake na mikono juu. Watu walimwona Bruce. Mimi nikifikiria siku ile namtazama Kimura, kwa sababu kasi ya mwenzake ingeonekana ovyo kama yeye angekuwa analegea au anajihami mapema.

Fundi akauliza kama Kimura alilipwa. Nikacheka, sikuwa na jibu. Tukarudi uwanjani, na kwa mara ya kwanza mkono wake ulikuja kifuani kwangu wenyewe nilipoondoa wangu. Umeniacha na maumivu ya kupendeza.

Jumapili, 28 Julai

Upepo na vumbi. Mzee jirani alipita na mbuzi wake akasimama kututazama, fimbo mabegani. Tulimwamkia, akaitikia, "Marahaba, wanangu," kisha akakaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema: "Mikono inafanya kazi. Miguu imelala."

Amekulia na fimbo, tangu utoto nyuma ya ng'ombe, na macho yake yaliona kile sisi tulichokuwa tumekiacha. Bong sao yangu inapopata mzigo wa kweli inavunjika kwa sababu nataka bega libebe. Haibebwi begani. Inatakiwa kiuno na visigino vigeuke pamoja, mwili utoke kwenye njia ya nguvu, na mkono ubaki umegusa tu. Na haitakiwi kukaa: bong sao ni mahali pa kupita, ikishapitisha nguvu igeuke mara moja kuwa kitu kingine.

Tukaacha kila kitu, tukafanya hilo tu. Fundi anasukuma pole, mimi nageuka. Anaongeza, nageuka. Nikianza kupandisha bega anasema "Bega," basi, neno moja. Nimefurahi kupita kiasi leo. Inasemwa katika hadithi za mtindo huu kwamba ulianza kwa mtawa wa kike aitwaye Ng Mui na mwanafunzi wake Yim Wing Chun. Iwe kweli au isiwe, mwili unaelewa kwa nini hadithi ilimchagua mtu asiyetegemea ubavu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima uko viwanja vya Themi, sisi tuko karakana. Fundi anataka kutengeneza mtu wa mbao: gogo la kimo cha mtu, mikono mitatu, mguu mmoja. Fremu ataichomelea kwa skwea paipu. Gogo alilopata la mgrevilea bado ni bichi, nikamwambia likikauka litapasuka. Ataliweka kivulini kwanza.

Mfuatano wa mtu wa mbao katika ukoo wa Ip Man una miondoko 116. Mbao itatusahihisha pembe na umbali, na haichoki. Ila haiwezi kuondoa mkono ghafla. Haiwezi kusema "Bega." Nimemwambia Fundi tuitengeneze, lakini Jumamosi zibaki zetu.

Jumamosi, 17 Agosti

Mlima umefunguka, kileleni kweupe bila wingu. Tumefanya chi sao macho yakiwa yamefumbwa. Mwanzoni pole, kisha Fundi akaanza kutafuta nafasi kwa dhati, bila kutangaza. Ngumi mbili zimenifikia, moja shavuni. Ya tatu niliisikia kwenye kigasha chake kabla haijatoka, kiuno kikageuka, bong sao ikapita, na kiganja changu kikajikuta kimemgusa kifuani. Sikukipeleka. Alifumbua macho akasema, "Hiyo hiyo, Mwalimu. Irudie." Haikurudi ilivyokuwa, ila karibu.

Upande wa kulia umeanza kukaa. Kushoto kwangu kiwiko bado kinatoka nje ya mbavu kila anapoongeza kasi, na yeye anakiona kabla yangu. Jumamosi ijayo tuanzie kushoto, bila kuzungusha, mkono mmoja kwa mmoja, na kipimo kile cha kuondoa mkono. Yeye aondoe, tuone mkono wangu unaelekea wapi.