Nani Amwambia Nani?

Kila mwaka wanafunzi wangu hapa Machakos hukutana na swali lile lile katika fasihi: hupewa maneno machache yaliyochotwa katika tamthilia, wakatakiwa kueleza muktadha wake. Hapana budi wataje mambo manne: msemaji ni nani, amwambia nani, wako mahali gani, na kwa sababu gani. Wengi huliona swali hili kuwa jepesi, la kuokota alama nne upesi. Mimi naliona kuwa swali la haki.

Tutazame mfano. Katika Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Mwalimu Julius Nyerere ilipigwa chapa mwaka 1963, Mark Antony amtaja Brutus kuwa mtu mwenye heshima, si mara moja bali tena na tena. Ayasomaye maneno hayo peke yake atadhani kuwa ni sifa. Lakini Antony asimama mbele ya umati wa Roma, karibu na maiti ya Caesar, naye ameruhusiwa na Brutus kunena kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Kwa hiyo lawama aivika vazi la sifa. Na kabla hajamaliza kunena, umati wapiga kelele za kisasi na moto.

Jambo hili halikomi darasani. Nilipokuwa nimetoka chuo cha ualimu, nilihudhuria baraza la wazee kijijini kwetu. Kijana mmoja alidai shamba la mjane, akisema kuwa marehemu, aliyekuwa mjomba wake, alimwambia mbele ya watu, "Lima hapa, shamba ni lako." Mashahidi wakakiri kwamba maneno hayo yalisemwa. Ndipo mzee mmoja, asiyejua kusoma, alipouliza, "Mwanangu, alikwambia lini, nawe ulikuwa umemwendea kwa haja gani?" Ikabainika kwamba ulikuwa mwaka wa njaa, na kijana alikuwa ameomba mahali pa kupanda ndengu za msimu mmoja. Mjane akabaki na shamba lake.

Basi, mwanafunzi mpenzi, ukutanapo na dondoo, usiikimbilie maana kabla hujamjua msemaji na haja yake. Fanya hivyo hivyo uyachukuapo maneno ya jirani. Kijana yule hakusema uongo hata neno moja. Hata hivyo, alikaribia kumdhulumu mjane.