Mti Usiouzwa

Baba aliponiuliza kwa simu ninapanda nini huku Aberdeen, nilikosea nikamwambia ukweli. Mti, Baba. Unatambaa.

Akanyamaza kidogo. "Kibunda wauza pesa ngapi?"

Hauuzwi, wala hautafunwi. Ni wa jamii ya mierebi, ile tuliyoisikia kwenye Biblia, ila wangu haufiki magotini. Hapa Scotland unajimelea kwenye vilima vya mchanga vya pwani, umelalia ardhi kuukwepa upepo, na tawi likigusa udongo hutoa mizizi. Nilinunua mche mmoja, nikauweka penye unyevu na jua (jua la Aberdeen, lakini). Mwaka wa tatu huu, umeenea kama mkeka. Aprili hutoa vishungi laini kama manyoya ya kifaranga, halafu vinageuka njano kwa chavua, maana wangu ni dume. Nyuki walioshinda njaa majira yote ya baridi huvivamia.

Wakenya wenzangu wananitania: mti unaoota mizizi popote unapoangukia, si ndiwe huyo? Siyo. Mti huu uko kwao. Mgeni ni huyu anayeumwagilia maji.

Kenya nako kuna mierebi, mirefu, kando ya mito. Sikuwahi kuitazama. Kwetu Muthara, huko Tigania, mti ulikuwa mmoja, miraa, na mingine ilikuwa kuni. Babu alitufundisha kuipogoa isikimbilie juu. Tulichuma alfajiri, tukafunga kwa majani ya mgomba, kisha magari yakaondoka mbio, kwa sababu miraa ikipita siku mbili tatu imekufa nguvu. Vibunda vingine vililala Tigania leo, kesho viko London. Karo yangu yote ilitoka humo, na nauli ya ndege pia.

Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza ikaipiga miraa marufuku. Uholanzi ilikuwa imetangulia mwaka mmoja na nusu hivi. Kwa hiyo mti ulionisafirisha hauwezi kunitembelea, na huu nisiodaiwa nao chochote, nimeuwekea mbolea.

Haya sikumwambia Baba. Nilimtumia picha kwa simu ya mdogo wangu. Jioni jibu likaja, mdogo wangu akicheka: "Mzee anasema mti wako umeanguka. Uutegemeze na kijiti."