Maua ya Mbele ya Nyumba



Katika nchi za baridi Krismasi huwakuta watu miti ikiwa mitupu. Kwetu Dar es Salaam huja wakati wa joto, upepo wa kaskazi ukianza kuvuma, nao mkrismasi umejaa maua mekundu hata majani yake hayaonekani vizuri. Hata hivyo bado tunabandika pamba juu ya matawi ya mvinje ili yafanane na theluji ambayo wengi wetu hatujawahi kuigusa!

Nasema hayo kwa sababu ya bustani ndogo ya mama yangu hapa Sinza. Eneo hili lilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Siku hizi mbele ya nyumba nyingi pamejengwa fremu za maduka, saluni na baa, na palipobaki pametandazwa vitofali vya saruji. Mama amebakiwa na ukanda wa hatua nne kati ya baraza na barabara. Humo zimo bogenvilia mbili, asumini moja, mawaridi yasiyopatana na mchanga wetu, na yale maua madogo, meupe na ya rangi ya waridi, yanayojiotea hata penye ufa wa sakafu.

Mwaka jana ndugu zangu waliitisha kikao cha familia. Walitaka fremu tatu zijengwe hapo, ili kodi yake ilipie dawa za mama za shinikizo la damu na sukari. Hoja hiyo ni nzito, nami ninayechangia dawa hizo naijua bei yake. Mmoja wao akaongeza kwamba ni aibu kumwagilia maua maji ambayo jirani hununua kwa ndoo. Akatukumbusha mwaka 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua, jiji likaingia katika mgawo.

Hoja ya maji haikunishinda. Mama hutumia maji aliyooshea mchele. Tena bogenvilia ikinyweshwa mno hutoa majani matupu. Ikionja kiu ndipo inapochanua. Na hicho tunachokiita ua lake ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe kilichojificha katikati. Mama, ambaye hakusoma elimu ya mimea, alinionyesha jambo hilo nikiwa mtoto.

Yale maua madogo, ambayo kaka yangu huyaita magugu, asili yake ni Madagaska, kama ilivyo kwa mkrismasi. Majani yake ndiyo yaliyowapatia wataalamu vinkristini, dawa ambayo tangu miaka ya 1960 imetumika kutibu saratani ya damu kwa watoto. (Tafadhali, asiende mtu kuyachemsha na kuyanywa: mmea huo una sumu, na dawa hutengenezwa kiwandani kwa vipimo.) Lakini sikutaka kumtetea mama kwa hoja hiyo. Ua halilazimiki kuwa dawa ndipo listahili kuachwa.

Kuuliza kwa nini kitu kizuri kisiuzwe, fedha zikawafaa wahitaji, si jambo jipya. Liliulizwa Bethania juu ya marhamu, na aliyeuliza hakuwa na nia safi. Ndugu zangu wana nia safi, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo.

Mama mwenyewe alisema machache. Tangu baba alipofariki, kila jioni hukaa barazani karibu na asumini. Wapita njia humsalimia. Jirani Mwislamu huja kuchuma asumini za harusi, na Jumamosi watoto huja kuomba maua ya altare. Aliuliza neno moja tu: fremu zikisimama hapo, atamwona nani?

Hatimaye tulipatana fremu mbili. Jumamosi iliyopita fundi alikuja na kamba na vigingi. Kigingi cha tatu kikaangukia penye shina la asumini. Mama akaomba kisogezwe. Fundi akamgeukia kaka yangu mkubwa, maana ndiye mwenye kulipa. Kaka alitazama kamba kwa muda mrefu, akahesabu kitu kwa vidole, kisha akasema fremu ya pili iwe nyembamba.

"Sogeza," akamwambia fundi, "hatua moja na nusu."