Wakili wa Kibera na Kawangware

Wakili anayehudumia vikundi na wafanyabiashara wadogo wa Kibera na Kawangware hufanya kazi kubwa kabla kesi haijafika mahakamani: huandika, husajili na hufundisha. Wakili anayesimuliwa hapa aliingia kazi hiyo mara baada ya kuapishwa. Njia ilikuwa imefunguliwa na Kituo Cha Sheria, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1973 ili kuwapa msaada wa kisheria wasioweza kumlipa wakili.

Mitaa hiyo miwili ya Nairobi haifanani mbele ya sheria. Sehemu kubwa ya Kibera imejengwa juu ya ardhi ya umma, hivyo mwenye nyumba ana mabati na kuta, lakini hana hati. Jamii ya Wanubi wa Kibera ndiyo iliyopewa hati ya ekari 288 mwaka 2017. Kawangware, ploti nyingi ni za watu binafsi, na ugomvi wa kawaida ni wa kodi.

Wateja wa mwanzo walikuwa vyama vya akina mama na vikundi vya vijana. Kilichohitajika kwanza ni katiba ya kikundi: nani anatia sahihi benki, hesabu zinasomwa lini, mali inabaki kwa nani kikundi kikivunjika. Kwa muda mrefu vikundi hivyo vilipata cheti katika ofisi ya maendeleo ya jamii bila sheria yao wenyewe, hadi ilipotungwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Mashirika yasiyo ya kiserikali nayo yalisajiliwa chini ya sheria ya 1990. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyotiwa saini 2013 ili kuchukua nafasi yake, ilianza kutumika Mei 2024 tu. Katika miaka hiyo 11 wakili aliandika katiba zinazotii sheria ya zamani na kuacha nafasi ya ile inayosubiriwa.

Kwa wenye biashara, tatizo kuu lilikuwa kufuli. Kinyozi au mwenye hoteli ndogo wa Kawangware alifika dukani asubuhi akakuta mlango umefungwa na mwenye ploti. Wengi waliamini kwamba bila mkataba wa maandishi hawana haki. Sura ya 301 ya Sheria za Kenya inasema vingine: mpangaji wa duka au hoteli asiye na mkataba wa maandishi analindwa, hatolewi bila ilani ya angalau miezi miwili, na anaweza kupeleka pingamizi kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Madeni nayo yalipata njia nyepesi mwaka 2021, Mahakama ya Madai Madogo ilipofunguliwa Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisimamia mwenyewe.

Sehemu ya tatu ya kazi ilikuwa kufundisha wasaidizi wa kisheria, wakazi wa mitaa hiyo hiyo. Walijifunza kusoma ilani, kudai nambari ya OB (kitabu cha matukio) katika kituo cha polisi, kumsindikiza aliyepigwa akajaziwe fomu ya P3 inayothibitisha majeraha, na kutambua shauri linalohitaji wakili. Waliifanya kazi hiyo miaka mingi kabla Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 haijawatambua. Kadiri walivyoongezeka, ilani na barua za madai zilishughulikiwa mtaani, na wakili akabaki na usajili, rufaa na kesi za kusimama mahakamani.