Nyumba Tupu

Keja yangu Kitale iko juu ya duka la zamani, la enzi zile baada ya reli kufika hapa mwaka wa 1926. Mwenye nyumba alipoikarabati, mafundi walipiga msasa sakafu ya mbao na kuta zikawa nyeupe pe. Nimeweka kitanda, meza na mkeka. Basi. Mtandaoni mtindo huu unasifiwa sana.

Mama alipokuja kutoka Bungoma alisimama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, dalali walikuja lini?"

Hakuwa anatania. Nikiwa darasa la sita, dalali walibeba viti vyetu vyote majirani wakitazama. Leo sebule yake haina pa kukanyaga: makochi, vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo vya wageni, hadi kalenda za miaka iliyopita. Mimi nikichoka na mkeka, nitanunua kochi mwisho wa mwezi. Hilo picha haionyeshi. (Nyumba ya kukhu, ya udongo, ilikuwa tupu kuliko yangu na hakuna aliyeisifu.)

Alipoondoka nilikuta ametandika mezani kitambaa alichofuma mwenyewe. Bado kipo.