Kurejeshwa kwenye Utamaduni Upi? Vizazi na Lugha katika Nyumba za Isahakia

Uhakiki wetu wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuugawa mgogoro wa vizazi katika mafungu mawili: mzazi ni ukale, mtoto ni usasa, naye mwandishi husimama kati yao akiamua. Wanafunzi wetu huingia katika chumba cha mtihani wakiwa wameubeba mgawo huu tayari, wakauvisha Rosa Mistika (1971) na Utengano (1980) pasi na kujiuliza kama vazi lenyewe linazienea. Mimi niliyezaliwa Isiolo, katika mtaa wa Isahakia, nimeutilia shaka kwa muda mrefu, na chanzo cha shaka yangu si vitabu. Ni nyumba ya shangazi yangu.

Hapana budi nieleze kwanza Isahakia ni nini, kwani msomaji aliyeko Maseno au Dar es Salaam huenda asiujue mtaa huu. Jina lenyewe latokana na ukoo wa Isaaq. Wazee wetu hawakuwa wafugaji wa bonde la Ewaso Nyiro. Walitoka Somalia ya Waingereza na Aden wakiwa askari, wabeba bunduki na wafanyabiashara, na baada ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia wengi wa askari hao walifanya makao Isiolo. Ndugu zao wengine walishika njia ya bahari kutoka Aden iyo hiyo, wakawa wachochea makaa katika meli za Waingereza na kutua Cardiff. Kwa hiyo ugeni wa Wasomali katika nchi za Magharibi haukuanza kwa kuanguka kwa serikali ya Mogadishu mwaka 1991, kama isemwavyo aghalabu. Mahmood Mattan, baharia anayesimuliwa na Nadifa Mohamed katika riwaya yake The Fortune Men (2021), alinyongwa Cardiff mwaka 1952, na hukumu yake ikatanguliwa na mahakama mwaka 1998.

Isiolo nayo ilikuwa ughaibuni. Katika miaka ya 1930 wazee wa Kiisaaq nchini Kenya walidai wahesabiwe pamoja na Waasia, wakataka watozwe kodi iliyokuwa kubwa kuliko ya Waafrika ili wasiwekwe katika fungu la "wenyeji". (Ni nadra kuwapata watu wanaopigania kutozwa zaidi.)

Nayataja haya kwa sababu ya istilahi moja ya Kisomali, dhaqan celis, yaani kurejeshwa kwenye utamaduni. Wazazi wa Kisomali walioko Uingereza, Marekani na Skandinavia huitumia kwa kijana anayerudishwa Afrika ya Mashariki kwa kuhofiwa kwamba amepotea au yu karibu kupotea: pengine ameingia katika magenge, pengine hasali, pengine hawezi kuzungumza na bibi yake kwa simu. Baadhi yao hufungiwa katika vituo vyenye ukatili. Hayo yameandikwa na yanastahili kuandikwa zaidi. Wengine hupelekwa kwa bibi tu.

Binti wa binamu yangu aliletwa Isahakia kutoka Sheffield akiwa na umri wa miaka 17. Mwezi wa pili palikuwa na arusi. Shangazi yangu, ambaye ndiye ayeyo wa binti huyo, alivaa dirac na garbasaar, akaingia katikati ya wanawake na kutoa buraanbur, ushairi ambao ni milki ya wanawake wa Kisomali kama gabay ilivyo ya wanaume. Ngoma ilipolia binti alitoka nje. Nilimkuta ukutani katika jilbabu nyeusi iliyomfika vidoleni, vazi aliloanza kulivaa huko huko Sheffield, katika darasa la vijana wenzake.

"Habaryar," aliniambia kwa Kiingereza, "mbona hamkumfundisha ayeyo dini?"

Maneno hayo yalimfikia ayeyo, kama yafikavyo maneno yote ya arusini. "Mwambie," alisema, "nilianza kusali kabla mama yake hajazaliwa, na ngoma nilianza siku iyo hiyo."

Namwomba mhakiki anionyeshe ukale na usasa katika kisa hiki. Aliyetoka Ulaya ndiye mwenye ukali, na ukali wake ni mpya, umetungwa katika jiji la viwanda vya chuma miongoni mwa vijana waliotafuta Uislamu usio na kabila kwa kuwa kabila lenyewe waliliona kwa mbali tu. Bibi anayetarajiwa kuulinda ukale ndiye anayepiga ngoma.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni la lugha, na hapa nazungumza kama mwalimu wa Kiswahili. Binti aliletwa anoe Kisomali chake. Kisomali cha ayeyo kimechanganyika na Kiswahili na Kiborana kwa miaka mingi hata mishono haionekani, na mjini Isiolo atakaye kununua maziwa ya ngamia kwa Mborana au mboga kwa Mmeru hutumia Kiswahili. Baada ya miezi minane binti alikuwa akimpelekea mama yake sauti kwa simu zilizojaa "sasa hivi" na "wacha hiyo". Mama yake alinipigia simu kwa hasira. "Nilimtuma akachukue Kisomali," alisema, "nanyi mnanirudishia lugha ya polisi."

Binamu yangu alizaliwa Isahakia. Kwa nini basi akaiita hivyo? Kizazi chake kililelewa katika masalio ya vita vya 1963 hadi 1967, chini ya sheria za hali ya hatari ambazo katika wilaya zetu hazikufutwa hadi mwaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali, na wao peke yao, walitakiwa kuuthibitisha uraia wao na kupewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi. Maswali yote hayo yaliulizwa kwa Kiswahili. Mimi nikilitaja jina la lugha hii humkumbuka Muyaka na Shaaban Robert. Yeye hukumbuka kizuizi cha barabarani na sauti isemayo toa kitambulisho. Tumekulia uani mmoja. Tofauti yetu si ya elimu, kwani yeye ni muuguzi na amesoma kuliko wengi. Kila mmoja wetu alikutana na Kiswahili mlangoni pake, nayo milango haikuwa mmoja.

Ilinibidi nimpelekee buraanbur ya mamake, niliyoinasa siku ya arusi kwa idhini yake. Ushairi wa Kisomali hufungwa kwa takriri konsonanti: sauti moja lazima irudi katika kila mshororo mpaka mwisho. Shangazi alichagua k. Aliposimulia safari ya bibi harusi kutoka kwao hadi Isiolo, k za Kisomali zilimpungukia, akachukua kizuizi, akachukua kodi, akachukua kipande, na maneno hayo ya amri yakakaa ndani ya shangwe yakiwa yamepata kazi nyingine. Hakuna darasa lililomfundisha jambo hilo. Fani ilimdai sauti, naye akailipa kwa alichokuwa nacho. Binamu yangu alisikiliza, kisha akaniomba nimtumie tena, safari hii bila maelezo yangu.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili ametaka kulitumia tungo hilo katika tasnifu yake, na idara bado inajadiliana kama liingie katika fasihi simulizi ya Kisomali au ya Kiswahili. Nilimwuliza mtunzi mwenyewe ni maneno yapi aliyoyaazima. Alinitaka nimtajie. Nilipotaja kipande alishangaa, akasema hilo ni la Kisomali, baba yake alilitumia.